Beseni la Mgeni na Macho Mekundu ya Newala

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa kiti, nilionyeshwa ndoo. Ilikuwa maabara ndogo huko Masasi, chumba kimoja chenye dirisha la wavu, na ndoo ilijaa vioo vyembamba ambavyo hupakwa damu, makohozi au choo ili vitazamwe kwa hadubini. Mkuu wa Maabara, mtu mfupi aliyevaa koti jeupe lisilokosa kifungo hata kimoja, alinipa brashi na kusema, "Hivi vimebeba magonjwa ya watu. Ukiviosha vibaya, kesho nitamwambia mtu mzima kuwa ana ugonjwa wa mwenzake." Kisha akarudi kwenye hadubini yake, na hakusema nami tena mpaka saa tisa alasiri.

Cheo changu kilikuwa mhudumu wa maabara. Maana yake ni kuosha vioo, kuchemsha sindano, kufagia na kuzika taka kwenye shimo nyuma ya jengo. Hadubini sikuruhusiwa kuigusa ila kwa kitambaa cha vumbi. Nilikuwa nimeishia kidato cha pili. Kila asubuhi nilitembea kutoka Lisekese, na jioni nilirudi na kitabu cha magonjwa nilichokiokota kwenye sanduku la karatasi za kuwashia moto. Hakikuwa na jalada, na kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa. Kilikuwa cha Kiingereza. Niliazima kamusi nikaanza kukinakili neno kwa neno kwenye daftari, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili changu. Ilinichukua mvua tatu kukimaliza. Mkuu wa Maabara alipoliona daftari lile alilifungua, akasoma kurasa mbili, akalirudisha. Wiki iliyofuata alinisogezea kiti mbele ya hadubini.

Jambo moja alilolisema kila siku ni mikono. Tulinawa kabla ya mgonjwa na baada ya mgonjwa, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko, kisha tukapaka spiriti. "Mtu wa maabara asiyenawa ni mgonjwa anayetembea," alisema. Nililishika hilo kuliko yote aliyonifundisha.

Zikaja enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa vitambaa, redio na mafuta ya kupaka. Wanunuzi binafsi wa korosho wakaanza kupita na malori yao. Lakini kadiri maduka yalivyojaa ndivyo rafu zetu zilivyokuwa tupu. Vitendanishi, yaani zile dawa za kupimia, viliisha bila kuletwa vingine. Mgonjwa aliambiwa anunue sindano yake dukani kabla ya kutolewa damu. Kisha ikabandikwa orodha ya watumishi wa kupunguzwa, na jina langu lilikuwa la tatu kutoka chini. Mkuu wa Maabara ndiye aliyeniita kunionyesha. Alisimama nami mbele ya ubao kwa muda mrefu, akasema kuwa angeulizwa yeye, angeanza kupunguza kwa wale wasionawa mikono. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba ya kuniaga.

Nilikaa nyumbani nikilima, mpaka nikasikia kuwa kuna mradi wa utafiti umepanga nyumba pembezoni mwa mji wa Newala na unatafuta mtu wa kukusanya sampuli. Mratibu wa mradi alikuwa daktari kutoka Dar es Salaam, mwembamba, mpole wa sauti. Aliniuliza ninajua nini kuhusu virusi. Nilimwambia yale yaliyokuwa kwenye kitabu, na nikamwambia pia kwamba sura ya virusi ilikuwa miongoni mwa zilizochanwa, kwa hiyo ninajua ukurasa mmoja na nusu.

"Basi," alisema, "tutaanzia kwenye ukurasa uliochanwa."

Tulikuwa tukitafuta virusi vinavyoitwa adeno. Jina hilo limetokana na tezi, kwa kuwa waliovigundua mara ya kwanza waliviona kwenye tezi zilizo nyuma ya pua ya mwanadamu. Viko vya aina nyingi, na kila aina ina namba yake. Baadhi hushika koo na kifua, baadhi huharisha watoto wachanga, na baadhi hushambulia macho. Mradi ulitaka kujua ni namba zipi zinazozunguka kwenye uwanda wetu wa juu wa Newala, na ni ugonjwa upi hasa unaoletwa na ipi. Hadubini ya kawaida haivioni. Kazi yangu ilikuwa kuvuta kope la chini la mgonjwa, kupitisha kijiti cha pamba kwenye ngozi ile laini ya ndani, kukitia kijiti ndani ya kichupa chenye maji ya kutunzia, kuandika jina, nyumba, tarehe na dalili, na kukiweka kwenye kasha la barafu. Kwa watoto wanaoharisha nilichukua choo. Mara moja kwa mwezi gari lilikuja kuchukua vichupa kuvipeleka Dar es Salaam. Huko vilimwagiwa juu ya seli hai zilizooteshwa ndani ya chupa. Kama adeno wamo, seli zile huvimba na kushikana kama kichala cha zambarau. Mimi sikuwahi kuona kichala hicho hata kimoja. Majibu yalikuja kwa barua baada ya miezi, yakiwa namba tupu.

Nyumba ya mradi ilikuwa na vyumba vitatu na mtu mmoja. Kwenye chumba cha kati kulikuwa na jokofu la mafuta ya taa, ambalo mwali wake lazima uwe wa buluu. Ukiwa wa njano utambi unatoa moshi na ubaridi unapungua. Niliukagua mwali ule asubuhi, mchana na jioni, nikaandika kila mara. Zilipita siku ambazo maandishi hayo ndiyo mazungumzo yangu yote. Mke wangu, aliyebaki nyumbani, alipanda huku uwandani kunitembelea mara moja, akakaa siku nne, akaona foleni ya ndoo kwenye bomba lisilotoa maji, akarudi Lisekese. Mwaka uliofuata aliniandikia kwa heshima kwamba ameolewa na mtu anayelala nyumbani. Sikumlaumu, na barua ile niliiweka kwenye faili.

Vijijini nilikwenda kwa baiskeli. Watoto walikuwa wamenipa jina la Bwana Macho, na mmoja akiniona kwa mbali alipiga kelele kwamba Bwana Macho kaja, fumbeni, na wote wakafumba wakakimbia wakigongana na mikorosho. Kijiji nilichokipenda kilikuwa karibu na ukingo wa uwanda, ambapo bonde la Ruvuma huonekana chini. Huko ndiko alikokuwa Mama Somoe, mjane wa makamo, fundi cherehani, aliyeshonea sare za shule nusu ya wilaya kwenye baraza la nyumba yake. Yeye Mmakonde, mimi Mmakua, na makabila yetu ni watani, kwa hiyo kunitania ilikuwa haki yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kuchungulia macho yetu tena? Huko kwenu Masasi watu hawana macho?"

Kisha alileta maji ya kunawa.

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu ndipo habari yenyewe ilipo. Newala maji yalikuwa ya shida. Waliojiweza walikuwa na visima vya saruji vya kukinga mvua, na wengine waliteremka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Mgeni akifika, jambo la kwanza ni beseni na kipande cha sabuni anawe mikono. Kuyakataa maji hayo ni kama kusema nyumba ile ni chafu. Na maji yale hayamwagwi. Mgeni akishanawa, watoto wananawa uso, baadaye miguu, na mwisho yanakwenda kwenye mpapai. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mara nyingi, na nilipendezwa na uangalifu wao.

Mimi nilibeba spiriti, pamba na vichupa. Maji sikubeba, kwa kuwa dumu lingenilemea kwenye baiskeli. Kwa hiyo nilinawa nilipofika, kama mgeni, na nikanawa tena nilipomaliza, kama mtu wa maabara, kwenye beseni lile lile. Mama Somoe alisema hajapata kuona mwanamume anayenawa kama bibi harusi. Baraza lake lilikuwa mahali pekee katika miaka ile ambapo niliketi bila daftari mkononi. Alinipa ugali wa muhogo na kisamvu, akanisimulia ni mwalimu gani ameongezeka kiuno, akaniuliza kwa nini sioi. Nilipanga njia zangu ili nyumba yake iwe ya mwisho, kila Alhamisi.

Msimu wa korosho ulipoanza, macho mekundu yalizuka. Si yale ya kawaida ya vumbi. Yalivimba, yakatoa machozi mengi, na tezi ndogo mbele ya sikio ikauma ukiigusa; hiyo ni alama ya adeno. Watu walisema ni moshi wa kubangua korosho. Maduka mapya ya dawa yaliuza matone ya kila rangi, na chupa moja ilipita kutoka jicho hadi jicho. Kwa wengi ugonjwa ulikwisha wenyewe kwa wiki mbili au tatu. Kwa wachache uliacha madoa meupe madogo kwenye kioo cha mbele cha jicho, na hao waliona kila kitu kama kupitia chandarua. Mama Somoe alikuwa mmoja wao. Sare za shule zilirundikana kwenye baraza, na wenye watoto wakaanza kuvichukua vitambaa vyao kimyakimya kuvipeleka mjini.

Mimi nilifurahi mwanzoni. Ninaliandika hili kwa sababu ni kweli. Tulikuwa tumengoja mlipuko, na sasa tuliupata. Niliongeza safari. Nilinawa zaidi.

Jioni moja nilikaa kuandaa jedwali la mwezi. Nilipanga nyumba kwa tarehe ambazo macho yalianza kuuma, kisha nikaweka pembeni tarehe za safari zangu. Zilifuatana. Nyumba niliyoitembelea Jumatatu iliugua wiki iliyofuata, na ile ya Jumatano ikafuata nyuma yake kwa siku mbili, kwa mpangilio ule ule wa baiskeli yangu. Kitongoji cha mashariki, ambacho sikukifikia kwa sababu tairi lilipasuka, kilikuwa na moshi ule ule na vumbi lile lile, na macho yao hayakuwa na wekundu wowote. Nilirudia jedwali kwa penseli nyingine. Halikubadilika.

Nilikwenda kwenye kitabu kipya alichoniletea Mratibu na nikasoma aya ambayo nilikuwa nimeipita haraka. Virusi vingi vina ngozi ya nje yenye mafuta, na sabuni au spiriti huipasua. Adeno hawana ngozi hiyo. Sabuni huwaondoa kwenye mkono na kuwaacha hai ndani ya maji, na spiriti ya kupaka na kufuta haiwatoshi. Kinachowaua ni klorini au kuchemsha. Kadiri nilivyonawa vizuri, ndivyo nilivyoyajaza maji yale ambayo watoto walinawia nyuso.

Mratibu alipokuja na gari nilimwonyesha jedwali. Alilisoma akiwa amesimama, kisha akakaa akalisoma tena. Hakubisha. Aliniambia nianze kubeba maji ya klorini kwenye dumu, nimwage kila nikinawa, na nisiguse tena beseni la mtu. Nilimuuliza tutawaambiaje wenyeji.

"Hatuwaambii," alisema. "Si sasa."

"Wanatumia matone ya dukani, mzee. Wanadhani ni moshi."

"Nisikilize vizuri. Ukiwaambia, hakuna mlango utakaofunguka, hapa wala kijiji cha jirani. Mradi utafungwa kabla hatujajua namba ya virusi hivi. Na wewe utarudi kwenye ile orodha ya ubaoni. Andika ulichokiona kwenye macho. Ulichokiona kwenye jedwali niachie mimi."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameupigania mradi ule kwa miaka, na alijua kwamba hautakuja mwingine. Aliniacha na dumu la klorini na mkataba uliobakiza miezi minne.

Nilikaa na jambo lile siku tatu. Nilipima pande zote mbili kama nilivyozoea, safu mbili kwenye karatasi. Upande wa kunyamaza ulikuwa mrefu zaidi: kazi, utafiti, na baraza lile ambalo nisingekuwa na mahali pengine badala yake. Upande wa pili ulikuwa na mstari mmoja, kwamba walikuwa bado wananawishana kwenye beseni moja. Siku ya nne nilikwenda kwa Mama Somoe asubuhi, nikaanzia kwake.

Alikuwa ameketi kwenye cherehani, anatunga uzi kwa kupapasa. Alileta beseni. Nilimwambia sinawi.

"Leo umekuwa mfalme?"

"Mama, ugonjwa huu nimeuleta mimi. Umetoka kwenye mikono yangu ukaingia kwenye maji yako."

Aliliweka beseni chini. "Si unanawa kwa sabuni wewe?"

"Nanawa."

"Na ile dawa yako inayonuka?"

"Napaka."

"Sasa mtu akishanawa, akapaka, afanye nini tena?"

"Ayamwage maji."

"Ayamwage," alisema, polepole. "Hapa Newala." Akacheka, lakini si kicheko nilichokizoea. Aliuliza kama nimeshawaambia wengine. Nilimwambia nimeanza na yeye. "Basi usiniachie mimi peke yangu neno kubwa hivi. Nyumba zote ulizonawa, nenda ukaseme."

Kisha akakigeuza kiti chake, akaelekea ukutani, akanipa mgongo. Nilingoja. Hakugeuka. Nikachukua baiskeli.

Nilipita nyumba zote kwa mpangilio wa jedwali. Ilinichukua siku tisa. Mzee mmoja alinishukuru, akasema angalau sasa ataacha kununua matone. Baba mmoja alitaka kunipiga, jirani zake wakamshika. Kwenye nyumba nyingi walisikiliza wakiwa mlangoni, na hawakunikaribisha ndani. Wanawake walianza kumwaga maji, jambo ambalo kwao lilikuwa kama kumwaga unga. Baada ya mwezi macho mapya mekundu hayakuzuka. Sampuli nazo hazikupatikana tena, kama Mratibu alivyosema. Mkataba wangu haukurudiwa, na mradi ulifungwa mwaka huo. Barua ya mwisho ya majibu ilifika siku niliyokuwa nafungasha. Vichupa vyote vya kijiji kile vilikuwa na namba moja.

Kijijini sikurudi. Nilipata kazi kwenye zahanati ya mtu binafsi Tandahimba, msaidizi wa maabara, nikakaa huko mpaka nikazeeka. Nilipima malaria, minyoo na sukari. Wasimamizi wangu walibadilika: Mmiliki wa kwanza, aliyetaka kila mgonjwa akutwe na ugonjwa, Mganga Mfawidhi aliyemrithi, mtu wa haki, na mwisho binti mdogo mwenye shahada, aliyeniita babu na kuniuliza mambo kwa adabu. Kutoka Tandahimba hadi kile kijiji cha ukingoni si safari ndefu. Nilijiambia kila mwaka kwamba mtu aliyepewa mgongo hapaswi kurudi kuomba uso. Nililiona hilo kuwa adabu.

Wiki yangu ya mwisho kazini alikuja mama mmoja kupimwa sukari. Aliniangalia sana nilipomtoboa kidole, akaniuliza kama mimi siye Bwana Macho. Alikuwa mdogo wake Mama Somoe, niliyewahi kumpima macho kwenye nyumba nyingine, na aliyehamia kwa dada yake wakati ule wa ugonjwa, baada ya mimi kuondoka.

"Alikungoja sana," alisema. "Kila Alhamisi alipika. Alisema yule Mmakua kaenda kumaliza nyumba zake, atarudi. Macho yalikuja kutulia mvua ya pili, akashona tena. Bado akawa anakuulizia."

Nilimwambia kwamba dada yake alinikataa, kwamba alinigeuzia mgongo.

"Alitugeuzia sote, kaka. Jua la barazani lilikuwa linamchoma macho. Miezi mingapi tumezungumza na kisogo chake."

Nilimuuliza yuko wapi sasa. Alisema wamemzika mwaka jana, kabla ya mvua.

Nimestaafu. Ninakaa Lisekese, ninalima korosho chache na mihogo, na vijana wa maabara hupita mara mojamoja kuniuliza kazi ilikuwaje zamani. Nawaeleza jokofu la mafuta ya taa, nawaeleza adeno na klorini, nao huandika. Kuhusu kusema ukweli huniuliza kama ninajuta, na ninawajibu kuwa sijuti kusema. Lakini mtu akishasema, anatakiwa arudi wiki inayofuata aone hali ya mgonjwa, kama anavyorudi kwa kipimo kingine chochote, na mimi nilikikata kipimo hicho katikati kwa dalili moja niliyoisoma vibaya.

Daftari la mlipuko ninalo. Jina la Mama Somoe liko kwenye ukurasa wa kumi na nne. Kwenye safu ya dalili, kwa mwandiko wangu mwenyewe, wiki moja kabla ya asubuhi ile, nimeandika: machozi, madoa kwenye kioo cha jicho, anakwepa mwanga.